Zamu ya Besi

"Nguo zote hizi za nini? Unakuja kukaa kwa dada yako, huendi kuolewa," dada mtu alisema, akachomoa gauni moja begini na kulirudisha kabatini.

Mdogo mtu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akitazama begi linavyojazwa na kupunguzwa kana kwamba msafiri ni mtu mwingine. Alikuwa fundi wa mapazia, na mtaa mzima ulimjua kwa ulimi wake, hasa wateja wale wanaoleta kitambaa cha dirisha moja wakitaka kifunike madirisha mawili. Ulimi huo haukuwa umesema neno la maana tangu yeye na mumewe wamzike binti yao. Hakulia makaburini, wala hakulia baadaye. Watu walimsifu kwa moyo mgumu. Haukuwa moyo mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi, na ganzi si kitu cha kumsifia mtu.

Sebuleni, mumewe alikuwa akiivika besi yake koti. Ni besi ile kubwa ya mbao, ambayo mpigaji huikumbatia akiwa amesimama. Ndefu kumshinda mwenyewe, na nene kumshinda pia. Koti lake alilishona mkewe miaka mingi nyuma kwa mabaki ya pazia la mteja, kitambaa cha maua makubwa mekundu. Siku ya kwanza alipofika nalo kwa wenzake wa kundi la muziki, walicheka mpaka mmoja akaomba kiti. Hakulibadilisha. Kila lilipochanika alilirudisha nyumbani, nalo likatiwa kiraka, cha maua vilevile.

Zipu ya koti ilikwama. Mkewe aliisikia ikikwama kutoka chumbani, akajua hasa ni sehemu gani, na akajua kwamba inataka kushikwa kwa chini kidogo. Akabaki ameketi.

Wawili hawa hawakuwa wamegombana. Hilo dada mtu hakulielewa, na hata majirani hawakulielewa. Yeye alikuwa Mama Chiriku na mumewe alikuwa Baba Chiriku. Chiriku halikuwa jina la kwenye cheti. Binti alibandikwa jina hilo la ndege siku alipoanza kusema, kwa sababu alipoanza hakunyamaza tena. Alikua, akawa mwalimu wa watoto wadogo, akawa na mkoba na miwani na wanafunzi wanaomwogopa, na bado akabaki Chiriku. Wazazi wake hawakuitana kwa jina jingine. Tena kwa kuwa mtoto alikuwapo siku zote katikati yao, hata hilo waliacha kulitumia sana. "Chiriku, mwambie baba yako chakula tayari." "Chiriku, hebu muulize mama yako miwani yangu kaiweka wapi." Baba yumo chumbani, mama yumo sebuleni, na maneno yanapita kwa binti, yanafika yakiwa yameongezwa chumvi, watu wanacheka. Ulikuwa uvivu wa watu wanaopendana.

Kisha homa ikamchukua Chiriku, haikumpa hata muda wa kulalamika. Mjumbe akaondoka, na majina ya wale wawili yakaondoka naye. Amwiteje mumewe sasa? Baba nani? Kila jina alilojaribu kichwani lilikuwa na kaburi ndani yake. Akaona afadhali asimwite. Mume naye aliona hivyo hivyo, kwa upande wake, na nyumba ikanyamaza.

Majirani, kwa huruma zao, nao walikuwa wameacha kumwita Mama Chiriku. Muuza maziwa alianza kumwita "bibie." Mwenye duka akamwita "fundi." Mwingine alimwita "mama" tupu, akasita, akatazama chini kama aliyekanyaga kidonda cha mtu. Kila mmoja alidhani anamsitiri. Yeye kila mara alihisi amevuliwa nguo mbele za watu, halafu akashukuriwa kwa kutulia.

Honi ikalia nje. Alikuwa mpiga ngoma wa kundi lao, mtengeneza saa kwa kazi yake, ambaye watu wote walimwita Fundi Saa na ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati. Mume alisogea hadi kwenye mlango wa chumba, uliokuwa umerudishiwa nusu. Hakuona begi.

"Ehe," alisema. "Basi... natoka."

Mkewe aliitikia kwa kichwa, akilitazama kabati. Wakasikia besi ikigonga fremu ya mlango wa mbele, kama ilivyogonga kila Jumamosi, kisha gari likaondoka.

"Amemuaga nani, kabati?" dada mtu akauliza. "Na mimi shemeji yake nimekaa hapa kama mto. Mtoto hajamaliza hata msimu mmoja ardhini, mwenzetu anakwenda kwenye muziki. Mimi nisingekaa hapa. Nakwambia mdogo wangu, nisingekaa. Utakauka katika nyumba hii kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Gari la jioni tunalo, tukifika kwangu utaoga, utakula, utalala. Mengine tutayazungumza baadaye."

"Sawa," alisema mdogo mtu.

"Ufunguo mwachie jirani."

Funguo za nyumba zilikuwa tatu. Wa Chiriku ulipotelea hospitali pamoja na mkoba wake. Wa mume ulianguka mahali fulani siku za msiba, nyumba ikiwa imejaa watu, na hakuna aliyeutafuta. Ulibaki mmoja. Kila alipotoka mume alirudi akijua kuna mtu ndani wa kumfungulia, na huo ndio uliokuwa mkataba pekee uliosalia kati yao.

"Nyumba hii haijawahi kufunguliwa na jirani," alisema. Yalikuwa maneno mengi zaidi aliyoyasema siku hiyo. "Nitampelekea mwenyewe huko kwenye muziki."

*

Ukumbi ulikuwa kwenye hoteli ya zamani iliyowahi kuwa na hadhi yake. Walipanda ngazi tatu za mbele dada mtu akiwa amebeba begi, kwa kuwa hakumwamini mdogo wake na kitu chochote siku hizo, hata begi lake mwenyewe. Katika miaka yote ya ndoa, mke wa mpiga besi hakuwahi kuingia humo. Jumamosi ndiyo siku ya kutundika mapazia kwenye nyumba za watu. Aliyekuwa akija ni Chiriku. Alikuwa na meza yake mbele kabisa, na kila Jumamosi jioni alirudi na habari, akamsimulia mama yake kwa sauti ya kushinda kelele za cherehani.

"Mama, wale wazee, mtu akikosea hawamwachi," aliwahi kusema. "Babu wa tarumbeta leo kapiga sauti imekwenda kombo kabisa, hata mimi nikakunja uso. Unajua wamefanyaje? Wote wakaipiga ile ile. Wakairudia, wakairudia, mpaka ikawa ndio wimbo wenyewe."

"Na mimi nikikosea kukata kitambaa cha mtu, nirudie kukosea mpaka iwe fasheni?" mama alimjibu, na binti alicheka mpaka akakohoa.

Mlangoni alisimama meneja wa hoteli, kijana wa suti ya kubana, simu mkononi. Akamtazama mwanamke aliyekuja, akaona tepu shingoni.

"Fundi! Hatimaye! Tunakuita tangu lini, na unakuja leo, tena wateja wamo ndani? Haya, njoo huku, pitia pembeni pembeni, usiwapite watu mbele." Akamshika kiwiko, akampeleka kwenye dirisha la mwisho. "Ona aibu hii. Pazia limeshuka upande. Pima haraka, bei tutaongea nje."

Mke wa mpiga besi alilitazama pazia. Pindo lilikuwa limeshonwa na mtu mwenye haraka, upande mmoja umebebwa na uzi mweupe na mwingine na uzi wa kijivu. Angeweza kusema yeye si fundi aliyeitwa. Neno halikuja. Mkono wake ukavua tepu shingoni, ukaanza kupima dirisha. Ilikuwa rahisi zaidi kupima kuliko kueleza.

"We kijana!" Dada mtu alikuwa amewafikia, begi likimgonga magotini. "Huyo si fundi!"

"Si fundi, na tepu hiyo?"

"Ni fundi, lakini si fundi wako. Huyo ni mke wa mpiga besi. Ana shida na mumewe, dakika moja tu."

Meneja akawatazama, kisha akalitazama begi. Sauti yake ikapungua, lakini si kwa adabu.

"Mumewe ndiye yule bwana anayenyamaza?"

"Ananyamaza vipi?"

"Mtaona wenyewe. Zamu yake ya kupiga peke yake ikifika, hapigi. Anasimama tu. Na wenzake nao wanasimama, ukumbi mzima kimya, watu wanadhani kuna mtu kaugua. Nimemwambia kiongozi wao, mzee, zibeni hilo tundu, au mwacheni apumzike mlete mwingine. Unajua kanijibuje? 'Ni zamu yake. Atafanya nayo anavyotaka.'" Meneja akatikisa kichwa. "Kaeni hapo nyuma ya nguzo. Wakimaliza mtampata. Na fundi, sentimita ngapi hilo dirisha?"

Akamtajia. Dada mtu alitaka kupigana.

*

Walikaa nyuma ya nguzo, mahali ambapo ukiinama kidogo unaona jukwaa lote. Wasikilizaji hawakuwa wengi. Walikuwa watu wa makamo na wazee, na wachache wadogo waliokuja kujifunza. Hii haikuwa jazi ya kucheza. Ilikuwa ile ya kukaa, kinywaji chako kikapoa mbele yako, ukasikiliza.

Wazee wanne walikuwa wamesimama karibu karibu, kana kwamba jukwaa ni dogo, ingawa lilikuwa kubwa. Kiongozi alikuwa mpiga tarumbeta, aliyestaafu kwenye bendi ya polisi. Walimwita Afande. Alijifunza tarumbeta akiwa kwenye gwaride, na ilimchukua nusu ya maisha kuisahau miguu ya gwaride. Sasa pumzi ilikuwa imepungua, kwa hiyo alipiga sauti chache, na kila moja aliiangalia kwanza kabla hajaitoa. Kwenye piano alikaa Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka mingi, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Vitufe ambavyo vidole havikuvifikia tena aliviacha, na masikio ya mtu yakavijaza yenyewe. Nyuma yao Fundi Saa alifagia ngoma yake kwa brashi, taratibu, kichwa upande, vilevile anavyoisikiliza saa ya mteja. Popote pengine huchelewa. Hapo hakuchelewa.

Na pembeni, amekumbatia besi, mumewe.

Mwanzoni mke hakusikia kitu. Sauti zilimfikia, zikapita. Ndivyo kila kitu kilivyokuwa siku hizo, chakula, salamu, mvua. Alikuwa ameushika ufunguo kiganjani na kusubiri wamalize.

"Huu wimbo unaanza saa ngapi?" dada mtu akanong'ona.

"Umeshaanza."

"Loh. Nilidhani bado wanatafuta."

Kisha, bila kukusudia, akaitambua besi. Hatua zile nne nne, zikipanda kidogo, zikishuka, zikigeuka kabla ya kugonga ukuta. Alikuwa amezisikia kupitia ukuta wa nyumba yake kila siku ya maisha yake ya ndoa, yeye kwenye cherehani, mume sebuleni, na alikuwa amezihesabu kuwa kelele za mtu asiye na jambo la kusema. Mtu akizungumza kwa simu unamsikia "ehe," "hapana," "lini?", "ehe," nawe humsikii wa upande wa pili, basi unamwona mjinga. Sasa, nyuma ya nguzo, alimsikia wa upande wa pili. Tarumbeta iliuliza, besi ikasema ehe. Piano ilibisha, besi ikasema subiri, ikasema haya, ikasema endelea, niko hapa. Miaka yote hiyo alikuwa akisikia nusu ya mazungumzo. Chiriku alisikia yote, akaja kumweleza, naye akamwambia apunguze sauti, anahesabu mishono.

Jambo hilo lilimuuma. Liliuma kwa mbali, pale pale penye ganzi, na akashangaa kwamba kuna kitu bado kinauma.

Afande akamaliza zamu yake, watu wakapiga makofi. Mwalimu akachukua yake, akaizungusha, akaimaliza kwa mzaha mdogo wa mkono wa kushoto uliomfanya Fundi Saa atabasamu. Makofi tena. Kisha wote watatu wakamgeukia mpiga besi, kidogo tu, kama unavyomsogezea mtu sahani. Wakanyamaza ili apige.

Hakupiga. Alisimama, mkono wa kushoto juu ya nyuzi, wa kulia umening'inia. Alitazama sakafu. Ukumbi ukawa kimya hata sauti ya barafu kwenye glasi ya mtu ikasikika.

"Amesahau?" dada mtu akanong'ona. "Masikini, amesahau?"

Mkewe hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama mguu wa Fundi Saa. Ulikuwa ukipanda na kushuka bila kugusa chini. Akamtazama Mwalimu: midomo yake ilikuwa ikihesabu. Afande amefumba macho, kidole kimoja kikigonga kwenye mshipi wake. Hawakuwa wakisubiri mtu aliyesahau. Walikuwa wakiipiga zamu yake yote, mwanzo hadi mwisho, bila sauti, pamoja naye. Na ilipokwisha, bila mtu kumtazama mwenzake, wote wanne wakaingia kwa pigo moja.

Aliujua ukimya ule. Ndio uliokuwa nyumbani kwake, mezani kwake, kitandani kwake. Tofauti ni kwamba hapa watu watatu walikaa ndani yake na mumewe mpaka ukaisha, na yeye, mkewe, alikuwa ameupisha njia, akaenda kushona mapazia. Aliona wivu. Wakati huo huo aliona aibu, na hakujua kipi kilitangulia.

Jukwaani, mume aliinua macho. Alikuwa mtu wa kuangalia meza moja tu ya mbele, na kwa kuwa meza hiyo sasa ilikuwa tupu, alijizoeza kuangalia mbali zaidi, ukutani. Huko ndiko alikoona nguzo, na pembeni mwa nguzo goti la mkewe, na miguuni pa shemeji yake begi. Alilijua begi lile. Ndilo lililokwenda hospitali likiwa na kanga na chupa ya chai, likarudi na nguo za mtoto. Hakuhitaji mtu wa kumweleza linakwenda wapi leo. Akateremsha macho. Kama angekuwa na neno la kumwita, angemwita hapo hapo. Hakuwa nalo. Afande akahesabu kwa kidole, na wimbo mwingine ukaanza, wa polepole.

*

"Mdogo wangu, gari halitusubiri," dada mtu alisema. "Wazee hawa wakianza hawajui kumaliza. Kila mmoja ana la kusema, na wakishasema wanaanza upya."

Ni kweli, walikuwa hawana haraka. Afande alikuwa ametia kizibo kwenye mdomo wa tarumbeta, na sauti ilitoka nyembamba, ya mtu anayezungumza kwenye chumba cha jirani. Alisema kidogo akanyamaza. Mwalimu naye akasema kidogo. Kulikuwa na sehemu moja, katikati ya zamu ya Mwalimu, ambapo piano ilishuka hatua baada ya hatua na besi ikapanda kuipokea, na zilipokutana mwanamke mmoja wa makamo kwenye meza ya karibu alisema "mmh" kwa sauti, akajifunika mdomo. Hakuna aliyemcheka. Kila mtu alikuwa karibu kusema hivyo.

Kisha wakanyamaza. Zamu ya besi.

"Nenda sasa," dada mtu akamsukuma bega. "Si wamenyamaza? Mpe ufunguo wake tuondoke."

Mke wa mpiga besi akainuka. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akipiga, aliona hakuna anachokatiza. Na kosa hilo lisingefanywa na mtu yeyote aliyezoea ukumbi ule. Alipita kati ya meza, tepu ikiwa imerudi shingoni, viatu vyake vikigonga sakafu. Watu waligeuka. Meneja, aliyekuwa karibu na mlango, akakunja uso, akaanza kumfuata kwa hatua za vidole. Mke akafika mbele, kwenye meza iliyo tupu. Mume ameinama juu ya nyuzi, hamwoni. Alinyoosha mkono wenye ufunguo. Mume hakuona. Ilibidi amwite.

Hakuchagua. Mdomo ulifanya kazi uliyoizoea.

"Baba Chiriku!"

Alimwita kwa sauti ya nyumbani, ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Ilipanda katikati, ikashuka mwishoni, ikaenda mpaka kwenye dari la ukumbi na kurudi.

Hakuna aliyesogea. Aibu ilimshika miguu yote miwili. Alikuwa amepiga kelele katikati ya kazi ya watu, tena jina lile, mbele za wageni, na mkononi ameshika ufunguo wa kumwachia mtu nyumba. Meneja alikuwa amebakisha hatua mbili kumshika kiwiko. Mpiga besi alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi kidogo.

Ndipo Fundi Saa, bila kumtazama mtu, akageuza brashi na kugonga ukingo wa ngoma kwa kijiti chake, mara tano: ba-ba, chi-ri-ku.

Akangoja kidogo. Akagonga tena, vilevile.

Afande akainua tarumbeta yenye kizibo. Akapiga sauti tano, mbili za chini, mbili za juu, na moja inayoshuka, kama ilivyotoka kinywani mwa yule mwanamke, hata mkwaruzo wake wa mwisho. Mwalimu akaipokea, akaipiga kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukaiwekea kitu cha kuegemea. Meneja alikuwa amesimama, kidole kikiwa bado kimenyooka hewani. Wazee waliirudia. Hawakuipamba. Waliirudia mpaka watu walioona kosa wakaanza kuona wimbo.

Mke alikuwa bado amesimama pale. Akasikia sauti ya binti yake, si kwa njia ya miujiza, kwa kumbukumbu tu: mama, mtu akikosea hawamwachi.

Mpiga besi akamtazama mkewe. Mkono wa kulia, uliokuwa ukining'inia kila zamu yake tangu msiba, ukapanda polepole ukafika kwenye nyuzi. Wenzake wakanyamaza wote kwa pamoja. Zamu ilikuwa bado yake.

Akapiga sauti tano. Zilikuwa nzito, hazikuwa safi sana, na ya tatu ilitetemeka. Wasikilizaji walidhani amerudia yale yale waliyopiga wenzake. Lakini mbili za mwanzo zilikuwa tofauti, ziliminywa ndani kama zinazotoka kwenye midomo iliyofungwa, na mwanamke aliyesimama mbele ya meza tupu alizielewa kama mtu anavyoelewa kuitwa mlangoni kwake.

Ma-ma Chi-ri-ku.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo tangu wamzike binti. Alikaa. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kiti cha Chiriku, akakikalia. Mume akapiga tena, kisha akaendelea, akaenda nalo jina lile chini kabisa, mahali ambapo sauti unaisikia kwa tumbo, akarudi nalo juu, akalikosea, akalirudia lile kosa. Haikuwa zamu nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Wazee wenzake watatu wangekwambia hivyo. Ila walipokuwa wakimsikiliza, Mwalimu alivua miwani, na Fundi Saa, mguu wake ukipanda na kushuka, aliugusisha chini safari hii.

Kitu kilianza kumuuma mke kifuani. Mguu uliokaliwa muda mrefu, ganzi ikiutoka, huuma kuliko ulivyouma kabla. Alilia. Hakulia kwa kwikwi wala kwa kelele; machozi yalishuka yakalowesha tepu, namba kwa namba. Hakuyafuta.

*

Gari la Fundi Saa lilikuwa na nafasi ya watu wanne au ya besi na wawili. Wakapanda wote: Fundi Saa kwenye usukani, dada mtu mbele amekumbatia begi, mke na mume nyuma, na besi katikati yao ndani ya koti lake la maua, shingo imetoka dirishani. Hakuna aliyesema neno kuhusu gari la jioni. Dada mtu alilisikia likipiga honi barabara ya pili, akageuza uso upande mwingine. Naye alikuwa amelia, na hakupenda watu wajue.

"Sasa mimi mwenzenu," alisema mwishowe, walipokuwa wameshuka na Fundi Saa ameondoka, "mimi nalala wapi?"

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha Chiriku, na tangu siku ile hakijafunguliwa. Shuka aliyoondoka ameilalia ilikuwa bado kitandani. Wote watatu walilijua hilo, wakasimama mlangoni, mume ameiegemeza besi kwenye bega.

Mke alizungusha ufunguo. Mlango ukafunguka, nyumba ikiwa kimya vilevile walivyoiacha.

"Dada," alisema, akiwa bado amewapa mgongo, "mwambie Baba..."

Akanyamaza. Dada mtu alikuwa amesimama katikati yao, tayari kuupokea ujumbe, kama mtu mwingine alivyokuwa akisimama hapo. Mke akageuka. Ilimchukua muda. Akamtazama mumewe juu ya bega la dada yake.

"Baba Chiriku," alisema. "Dada atalala chumbani kwa mtoto. Shuka inatakiwa kubadilishwa."

Mume alishusha besi chini, taratibu, ikagonga fremu ya mlango.

"Tutaibadilisha wote," alisema. "Tangulia, Mama Chiriku. Mimi sitaweza kuingia wa kwanza."

Akatangulia.